Shajara ya mradi: Uyoga wenye uvundo wa kichaka cha Luchelele

Novemba 8

Mradi huu una kazi moja, nayo ni kuupa jina sahihi uyoga wenye uvundo mkali unaoota mvua za vuli zinapokolea katika kichaka cha mawe na miti ya asili kilichopo juu kidogo ya ufukwe wa Luchelele, kusini mwa jiji la Mwanza. Wenyeji wanaufahamu zaidi kwa pua kuliko kwa macho. Wengi hupita njia ya mguu iliyo chini ya kichaka wakienda ziwani, husikia harufu ya mzoga, na huendelea na safari zao wakiamini kuwa kuna mbwa au kenge aliyefia kati ya mawe. Ninaandika kila hatua ya utambuzi pamoja na sababu zake ili mtu mwingine, awe Ukerewe, Sengerema au Magu, aweze kuzipitia na kuzipima katika kichaka cha kwao.

Kichaka chenyewe si kikubwa. Kina mikuyu mizee, mikwaju michache, kundi la mianzi lililopandwa zamani, na gogo la mwembe ulioanguka ambalo limeoza kiasi kwamba linameguka kwa vidole. Udongo ni mchanga wa matale uliofunikwa na majani makavu, na chini ya majani hayo unyevu hudumu hata jua likiwaka siku mbili mfululizo. Nimepata ruhusa ya mwenye eneo. Kisiwa cha Saanane, ambacho kingefaa kwa kulinganisha, nimekiacha nje ya mradi kwa sababu ni hifadhi ya taifa, na huko haturuhusiwi kuchukua hata jani bila kibali.

Novemba 11

Kabla ya kuutafuta uyoga ilinipasa kuhakikisha kwamba kinachonuka ni uyoga, na jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Tanzania ina mimea ya jenasi Amorphophallus, jamaa wa magimbi, ambayo huchanua mwanzoni mwa mvua kabla jani halijatoka, na maua yake hunuka mzoga. Stapelia nayo, mmea mnene usio na majani ambao watu huupanda hata kwenye makopo barazani, hutoa ua lenye uvundo wa aina hiyohiyo. Wanakemia waliopima hewa inayotoka kwenye maua ya namna hii na kwenye uyoga wa familia ya Phallaceae, yaani familia ya uyoga wenye uvundo wa mzoga, wamekuta misombo ileile ya salfa, hasa daimethili disalfidi na daimethili traisalfidi, ambayo ndiyo hutokea nyama inapooza. Mmea na kuvu, viumbe wasio na undugu wa karibu, wamefikia harufu moja kwa sababu wote wawili wanamhitaji mjumbe mmoja, ambaye ni nzi. Kwa hiyo pua inaweza kunijulisha kwamba kuna kitu kinachowaita nzi, lakini haiwezi kunieleza kitu hicho ni nini.

Upepo wa ziwa pia una sehemu yake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, hewa ikateremka kutoka vilimani kwenda ziwani, na ndiyo maana wapita njia wa asubuhi hupata harufu hiyo kwa nguvu. Kuanzia kabla ya adhuhuri upepo hugeuka, ukavuma kutoka ziwani na kuupeleka uvundo juu ya mawe ambako hapiti mtu. Nimepanga kutafuta asubuhi tu, nikianzia njiani na kupanda taratibu dhidi ya upepo.

Mama mmoja anayelima mihogo pembeni ya kichaka aliniona nikiinamainama. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza ninachotafuta. "Marahaba mwanangu," alisema, "fuata nzi, usifuate pua. Pua itakuzungusha mawe yote haya." Ushauri wake ulikuwa sahihi kabisa, kwa sababu kati ya mawe hewa hujipindapinda, lakini nzi wa kijani hutua mahali palepale penye chanzo. Nimewakuta wametulia juu ya kitu cheupe kilichokwisha kunyauka, mguu laini wenye matundu uliolala juu ya majani karibu na gogo la mwembe. Si ua, kwa kuwa hauna mzizi, shina wala ukijani wowote. Chini yake kuna kifuko cha ngozi nyembamba na nyuzi nyeupe nene za kuvu zinazoingia kwenye mti uliooza. Ni uyoga.

Novemba 15

Mvua kubwa imenyesha usiku wa kuamkia leo. Pembeni mwa gogo, na pia chini ya mianzi, kumejitokeza mayai. Ninayaita mayai kwa sababu ndivyo yalivyo kwa umbo: maduara meupe yenye doa la waridi hafifu, makubwa zaidi yakiwa na kipenyo cha sentimita 4, nusu yamezama katika majani. Hayanuki chochote zaidi ya udongo mbichi. Nimeyawekea vijiti vya alama bila kuyagusa, nikachagua moja lililokuwa limechongoka juu na kulainika, dalili kwamba litafunguka karibuni.

Novemba 16

Leo ndiyo siku iliyonipa mengi, na nitaieleza kwa saa zake.

Saa kumi na mbili kasoro robo alfajiri, kwa mwanga wa tochi, ngozi ya yai ilikuwa imepasuka juu na kichwa cha kijani kilichokoza kikichungulia. Saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa linachomoza, mguu mweupe ulikuwa umesimama nusu ya urefu wake. Wepesi huu una maelezo. Uyoga haukui wakati huo kwa kuongeza seli mpya. Mguu ulikwisha kuumbwa wote ndani ya yai, ukakunjwa na kubanwa, na sasa unajinyoosha kwa kunyonya maji. Ndiyo sababu mguu wake una matundumatundu na ni mtupu ndani, na ndiyo sababu mayai haya hufunguka baada ya mvua na si wakati wa ukame.

Saa moja na dakika ishirini ilianza sehemu ambayo sijawahi kuona kitu kizuri kuliko hiyo katika kichaka hiki. Chini ya kofia palishuka sketi ya wavu mweupe, taratibu, tundu moja baada ya jingine likifunguka, mpaka ikakaribia ardhi. Saa mbili kamili nilipima: urefu wote sentimita 17, kofia sentimita 3 kwa kimo, sketi sentimita 11 kutoka ukingo wa kofia mpaka chini, na upana wake wa chini karibu sentimita 9. Matundu ya wavu yana pembe nyingi, makubwa yakiwa juu na madogo yakielekea chini. Kofia ina umbo la kengele, imefunikwa na ute wa kijani cha zeituni, na kileleni ina tundu dogo lenye ukingo mweupe.

Kuhusu harufu, nimeiandika kila baada ya nusu saa, kwa sababu ninaamini hapa ndipo maelezo mengi ya uyoga huu yanapokosewa. Yai lilipopasuka palikuwa na harufu nyepesi ya utamu, ya tunda lililopitiliza kuiva. Sketi iliposhuka utamu huo ulichanganyika na shombo. Kuanzia saa tatu uvundo wa mzoga ulitawala kila kitu, na hapo ndipo nzi wa kijani walipofika, wakifuatiwa na nzi wa kawaida wa nyumbani na sisimizi waliopanda kupitia sketi. Walikula ute mpaka saa saba mchana, na walipomaliza kofia ilibaki nyeupe, imejaa vishimo vyenye kuta nyembamba, na harufu imebaki hafifu hata mtu akiinama karibu. Mtu atakayeukuta uyoga huu alasiri ataandika kwamba hauna harufu kubwa na kofia yake ni nyeupe. Atakayeukuta saa nne asubuhi ataandika uvundo usiovumilika na kofia ya kijani. Na wote wawili watakuwa wamesema kweli juu ya uyoga mmoja. Kwa hiyo kanuni ya daftari hili kuanzia leo ni kwamba harufu haiandikwi bila saa, na saa haiandikwi bila hali ya ute.

Nzi hawaji bure. Ute ule umebeba spora, yaani chembe ndogo ambazo uyoga huzaliana kwazo, nazo hupita tumboni mwa nzi zikiwa hai na kuachwa mahali pengine pamoja na kinyesi chake. Nchini Brazil watafiti wameandika pia juu ya nyuki wadogo wasiouma waliokuwa wakila ute wa uyoga wa kundi hili, wakajiuliza kama nyuki hao wanasambaza spora au wanazipora tu. Hapa Luchelele nyuki wadogo wapo katika pango la mkuyu mita chache kutoka kwenye gogo, lakini leo hakuna aliyesogea.

Novemba 18

Nimepasua mayai mawili kwa kisu, kutoka juu hadi chini, na ningependa kila anayeokota uyoga wa porini ajifunze kufanya hivi kabla ya jambo jingine lolote.

Ndani ya yai la uyoga huu kuna matabaka yanayoonekana wazi. La nje ni ngozi nyembamba. Linafuata tabaka la ute mzito, wa rangi ya udongo hafifu, unaotetema na kuteleza kidoleni. Ndani ya ute huo kuna tabaka la kijani kilichokoza, ambalo ndilo litakalokuwa uvundo, na katikati kabisa kuna mguu mweupe uliobanwa. Nikitumia ncha ya pini nimeitoa sketi, imekunjamana kati ya kofia na mguu, nyembamba kuliko karatasi ya sigara. Kwa maana hiyo sketi inaweza kuthibitishwa hata kabla uyoga haujafunguka.

Umuhimu wa kupasua uko hapa. Uyoga wa jenasi Amanita pia huanza maisha yake ndani ya kifuko chenye umbo la yai. Katika jenasi hiyo wamo wanaoliwa, kama Amanita loosii anayependwa sana katika misitu ya miombo ya Zambia na nchi jirani, na wamo wanaoua. Sumu ya wanaoua, iitwayo amatoksini, huzuia kimeng'enya ambacho seli hukitumia kunakili maelekezo ya vinasaba, na ini huharibika kwanza. Haiharibiwi kwa kuchemsha wala kwa kukausha. Dalili zake huchelewa, mara nyingi saa 6 hadi 12 au zaidi baada ya kula, kisha kutapika na kuhara hupungua kwa muda na mgonjwa hudhani amepona, ilhali ini linaendelea kufa. Yai la Amanita likipasuliwa halina tabaka la ute unaotetema wala la kijani. Huonyesha mchoro wa uyoga mdogo mzima, kofia na mguu, pamoja na vipande vyembamba vilivyojipanga chini ya kofia. Na uyoga wa duara usio na mguu, ule unaotoa vumbi ukikanyagwa ukishakauka, ukipasuliwa ungali mchanga huwa mweupe mtupu ndani, bila mchoro wowote. Yanapokuwa bado ardhini makundi haya matatu yanaweza kumchanganya hata mzoefu, lakini kisu huyatenganisha mara moja.

Novemba 20

Upepo mkali na mvua tangu asubuhi. Mayai yaliyobaki chini ya mianzi yamechimbuliwa na mnyama, pengine nguchiro. Lile kundi la gogoni ni zima.

Novemba 22

Mwalimu wa baiolojia wa shule moja ya sekondari ya jirani ameniruhusu kutumia darubini ya maabara baada ya masomo, na ninamshukuru sana.

Kwa uyoga wa kawaida wenye kofia, hatua ya kwanza ingekuwa kupata chapa ya spora: kofia hukatwa, hulazwa juu ya karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu nyeusi, hufunikwa kwa bakuli usiku kucha, na asubuhi huonekana unga wenye rangi ya spora. Hatua hii rahisi huokoa watu. Chlorophyllum molybdites, uyoga mkubwa mweupe unaoota kwenye nyasi za viwanja na bustani katika nchi za joto, huacha unga wa kijani, na kwa alama hiyo hutambulika usichanganywe na uyoga mweupe unaoliwa. Mtu akiula huo wa unga wa kijani hutapika na kuhara vibaya sana. Lakini familia ya Phallaceae hairushi spora hewani hata kidogo, kwa kuwa imeikabidhi kazi hiyo kwa nzi, na karatasi ingeachwa na doa la ute tu. Badala yake nilichukua ute kiasi cha kichwa cha kiberiti, nikauchanganya na tone la maji juu ya kioo, nikafunika kwa kioo chembamba.

Kwa ukuzaji wa mara 400 palionekana maelfu ya vijipunje visivyo na umbo la kueleweka. Kwa mara 1,000, na tone la mafuta kati ya lenzi na kioo, umbo lilijitokeza: duaradufu, laini, bila rangi, urefu wa takriban maikromita 3 na upana usiozidi maikromita 1.5. Huo ni udogo wa kushangaza kwa spora ya uyoga. Bakteria Escherichia coli ana urefu wa kama maikromita 2. Vipimo hivi vinathibitisha familia. Havithibitishi spishi, kwa sababu karibu jamaa zote za familia hii zina spora za umbo na ukubwa huo, na hilo linatulazimisha kurudi kwenye alama za macho: rangi ya mguu, kuwepo au kutokuwepo kwa sketi, urefu na rangi ya sketi, uso wa kofia, na rangi ya kifuko cha chini.

Novemba 25

Kazi ya leo imefanyika mezani: kuwaondoa jamaa mmoja baada ya mwingine.

Phallus rubicundus ameenea sana katika nchi za joto na huota hata kwenye takataka za mbao mijini. Mguu wake ni wa rangi ya chungwa hadi nyekundu, na hana sketi. Huyo ameondoka mara moja. Itajahya galericulata, anayepatikana Afrika, ana mguu mweupe, lakini kofia yake imefunikwa na vinyweleo vilivyosokotana na hakuna sketi yoyote inayoshuka. Lysurus corallocephalus, ambaye maelezo yake ya kwanza yalitokana na uyoga wa Angola katika karne ya 19, ana kichwa chenye matawi mekundu yaliyochipuka pande zote. Hakuna anayeweza kumchanganya na wetu akiwa amewaona wote wawili.

Baada ya hao wanabaki wale wenye sketi, na hapa mambo yanakuwa magumu. Phallus multicolor ana sketi ya manjano au ya chungwa. Wetu ni mweupe tangu kufunguka hadi kunyauka. Phallus duplicatus ana sketi fupi, na wetu una sketi inayokaribia ardhi. Phallus rubrovolvatus ana kifuko chekundu na Phallus atrovolvatus ana kifuko cheusi. Cha wetu ni cheupe chenye waridi hafifu. Kwa njia hiyo tunafika kwenye Phallus indusiatus, jina lililotolewa na Mfaransa Étienne Pierre Ventenat mwaka 1798, ambalo katika maandishi mengi ya zamani linaonekana kama Dictyophora indusiata. Maelezo yake yanalingana na tunachokiona kwa kila kipengele: kofia ya kengele yenye vishimo, tundu la kileleni, ute wa kijani cha zeituni, sketi ndefu nyeupe, kuota kwenye mabaki ya miti na chini ya mianzi. Uyoga wenye jina hilo umeandikwa pia kutoka Uganda, ambayo tunashiriki nayo ziwa hili.

Ningeweza kuufunga mradi hapa, lakini nisingetenda haki. Uyoga ambao Ventenat aliupa jina ulitoka Suriname, Amerika ya Kusini, upande wa pili wa Atlantiki. Kwa zaidi ya karne mbili kila uyoga wa sketi ndefu nyeupe, uwe wa China, wa India, wa Nigeria au wa Australia, umekuwa ukiandikwa kwa jina hilohilo. Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchunguzi wa vinasaba ulioonyesha kuwa jina hilo limefunika spishi zaidi ya moja, na wakaeleza spishi mpya kutoka Brazil kwenyewe, walizozitenganisha kwa alama ndogo za maumbile ambazo kabla ya hapo hazikupewa uzito. Ikiwa ndani ya nchi moja jirani na Suriname jina halikutosha, sioni kwa nini nilibandike bila sharti kwenye uyoga wa ufukwe wa Nyanza.

Novemba 29

Swali ninaloulizwa kuliko yote kichakani ni hili: unaliwa?

Nimemjibu kila aliyeuliza kwa urefu uleule. Huko China uyoga wa kundi hili hulimwa na kuuzwa mkavu kwa bei ya juu. Wakulima huondoa kifuko na kofia yenye ute, hubakiza mguu na sketi tu, hukausha, kisha wapishi huloweka na kutia kwenye supu. Habari hizo ni za kweli, lakini zinahusu uyoga uliopandwa kwa mbegu inayojulikana, na mimi nimekwisha kueleza kwamba uyoga wetu bado unashikilia jina pana. Sipendekezi mtu aule, wala sijauonja, na mradi huu hautauonja.

Mzee mmoja mvuvi alinipinga kwa heshima. Alisema: "Mwalimu, kitu kikiliwa na wadudu na mtu anaweza kukila, hivyo ndivyo tulivyofundishwa." Nimeona ni wajibu wangu kumjibu kwa uwazi, kwa sababu imani hii nimeisikia pia kwa akina mama wanaouza uyoga wa vichuguu barabarani. Konokono na funza hula uyoga wenye amatoksini bila kudhurika. Hali kadhalika, kijiko cha fedha kisichobadilika rangi sufuriani, au kitunguu saumu kinachobaki cheupe, havithibitishi usalama wa uyoga wowote. Uyoga wa vichuguu, wa jenasi Termitomyces, ni salama kwa sababu watu wameufahamu mahali unapoota: huota kutoka kwenye bustani ambazo mchwa wenyewe huzilima ndani ya kichuguu, na mguu wake unaendelea chini ya ardhi kama mzizi mrefu mpaka kwenye bustani hiyo. Huo ni utambuzi wa kweli, na hao akina mama ni watambuzi wazuri kuliko wanavyojihesabu. Mzee alifikiri, kisha akasema kwamba bibi yake alikuwa akichimba kila mguu mpaka mwisho kabla ya kuuweka kwenye kikapu.

Desemba 3

Kuhifadhi vielelezo vya familia hii ni kazi ya kuwahi. Uyoga uliofunguka ni maji matupu, na ukiachwa kwenye mfuko wa plastiki mpaka jioni hubaki ute usiofaa kwa lolote. Nimegawanya kazi katika sehemu tatu. Mayai mazima na nusu ya yai lililopasuliwa yamewekwa kwenye chupa ya spiriti ya asilimia 70, ili matabaka yabaki katika nafasi zake. Uyoga mmoja uliofunguka, ulioondolewa ute, umekaushwa juu ya waya wa wavu kwa joto dogo lisilopita nyuzi 45 za Selsiasi. Sketi yake imejikunja, lakini ukilowekwa hurudi kiasi cha kupimika. Kipande cha mguu kutoka ndani, mahali ambapo nzi hawakufika, kimewekwa kwenye spiriti yenye nguvu zaidi kwa ajili ya vinasaba. Kipande hicho kikipata maabara, kitakachosomwa kwanza ni eneo la vinasaba liitwalo ITS, ambalo tangu 2012 wanasayansi wa kuvu wamelikubali rasmi kuwa alama ya utambulisho kwa kundi hili la viumbe.

Picha zimepangwa kwa saa, sio kwa uzuri. Kila picha ya uyoga uliofunguka ina rula pembeni, na kila moja imeambatana na mstari wa maelezo ya harufu. Mwenye eneo amenihakikishia kwamba gogo la mwembe halitachomwa mkaa, jambo ambalo lilikuwa likinisumbua zaidi kuliko jina, kwa kuwa nyuzi za kuvu zimo ndani ya mti huo na zinaweza kutoa uyoga msimu baada ya msimu ilimradi kuni hiyo haijaisha.

Desemba 6

Lebo ya kielelezo imeandikwa, na nakala yake itaambatana na chupa pamoja na bahasha zitakazopelekwa kwenye hifadhi ya vielelezo vya mimea ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa maombi ya kupokelewa. Inasomeka hivi:

Phallus indusiatus kwa maana pana. Tanzania, Mwanza, Luchelele. Kichaka cha mawe ya matale juu ya ufukwe wa Ziwa Victoria, mwinuko wa takriban meta 1,150. Juu ya gogo la mwembe lililooza na kwenye majani makavu chini ya mianzi, baada ya mvua kubwa. Yai jeupe lenye waridi hafifu, hadi sentimita 4. Uyoga uliofunguka sentimita 17. Sketi nyeupe sentimita 11. Kofia yenye vishimo, ute wa kijani cha zeituni. Spora takriban maikromita 3 kwa 1.5, laini, bila rangi. Harufu: saa kumi na mbili alfajiri tamu hafifu, saa moja na nusu tamu yenye shombo, saa tatu hadi saa sita mchana uvundo wa mzoga, saa saba, ute ukiwa umeliwa wote, hafifu. Wageni: nzi wa kijani, nzi wa nyumbani, sisimizi.

Kazi iliyobaki ni ya masika. Kuanzia Machi nitalinganisha uyoga wa gogoni na ule wa chini ya mianzi, kwa sababu mayai ya mianzini yalichimbuliwa kabla sijayapasua, na rangi ya vifuko vyake kwa mbali ilionekana kukoza zaidi.